Mstari wa Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Katibu wa hospitali ameingia asubuhi na tepu ya kupimia, akapima chumba changu bila hata kunijulia hali. Ukuta wa dirisha, ukuta wa mlango, nafasi kati ya baiskeli na baiskeli. Nikamwuliza anatafuta nini.

"Naangalia makabati ya mafaili yataenea mangapi," akasema, macho yake kwenye tepu.

Kisha akanipa barua. Nimeisoma mara tatu ili nisiseme nimeielewa vibaya. Ikifika Ijumaa tarehe 30 Mei, chumba cha mazoezi ya moyo kiwe na wagonjwa thelathini walioandikishwa kwa fomu kamili za rufaa. Wasipofika thelathini, kitakuwa stoo ya mafaili na mimi nitarudishwa idara ya mifupa kukunja magoti ya watu.

Tangu Januari wodi ya moyo, ghorofa ya pili, imeruhusu watu arobaini na mmoja kwenda nyumbani. Kwangu wameshushwa sita. Wote sita wameletwa na daktari mmoja, yule tunayemwita Mcheshi. Msimamizi wa wodi, Sista Rula, ambaye kila mgonjwa anayeondoka lazima apite mezani kwake, ameniletea sifuri. Nimelianzisha daftari hili ili siku ya kufunga chumba niwe na hesabu ya nani alifanya nini.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Waliotakiwa kuja sita, waliokuja wawili.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempandia Daktari Bingwa ofisini kwake. Nimeeleza upya kama vile hajawahi kusikia: mtu aliyepata shambulio la moyo anakuja kwangu mara tatu kwa wiki kwa wiki kumi na mbili, anatembea, anakanyaga baiskeli, mimi nimeshika mkono wake nahesabu mapigo. Anajifunza dawa zake, chakula chake, ngazi zake. Mwisho anarudi kazini haogopi mwili wake mwenyewe.

Bingwa akasikiliza kwa adabu. Ni mtu wa adabu, hilo simnyimi. Akasema, "Mama, wagonjwa wangu wana shida nyingi. Sasa niwaambie wapande daladala mbili waje kupanda baiskeli isiyokwenda popote?"

Wanafunzi wake wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo, kisha njiani nikajichukia.

Jumatano, 12 Machi

Mvua siku ya nne. Watu wa dobi hawana pa kuanikia, wamefunga kamba chumbani kwangu na kutundika mashuka ishirini na nane juu ya baiskeli. Mgonjwa mmoja amefanya mazoezi akiwa ndani ya mashuka kama bibi harusi. Nimelalamika kwa Katibu. Amesema, "Si bado una nafasi?"

Jumanne, 18 Machi

Hili naliandika vizuri maana limeniuma.

Jana nilipeleka wodini fomu mpya thelathini, safi, zimepigwa muhuri. Fomu hiyo niliitunga mwenyewe miaka mitatu iliyopita, mistari kumi na miwili, na hakuna aliyenisaidia hata nukta. Leo moja imerudi. Chini ya mstari wa tisa umepigwa mstari mwekundu, umenyooka kama uzi, umepigwa kwa rula. Hakuna neno. Hakuna saini. Lakini katika jengo hili lote ni mtu mmoja anayepiga mistari kwa rula, na ndiyo maana anaitwa hivyo.

Mstari wa tisa unasema: Dakika alizomudu mgonjwa kwenye mashine ya kupimia moyo akitembea. Nimeutazama nione kosa la maandishi. Halipo.

Mimi nilifagia hospitali hii miaka kumi na moja. Minne kati ya hiyo nilifagia wodi yake. Nakumbuka alivyosimama mlangoni akanionyesha kwa kidole pembe niliyoiruka, bila kufungua mdomo. Nikasoma jioni baada ya kazi, nikafeli, nikasoma tena, nikapata cheti na koti jeupe. Kumbe kwake bado ni pembe na kidole.

Jumatano, 19 Machi

Nimemwonyesha mama yangu ile fomu nyumbani. Akasema, "Labda kalamu ilimponyoka." Kwa rula, mama? "Basi muulize." Sitamuuliza. "Wewe mwanangu ulizaliwa umenuna," akasema, "mkunga alidhani amekukosea."

Alhamisi, 27 Machi

Nimeketi sasa, naweza kuandika.

Mshonaji, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, ni mgonjwa wa saba wa Mcheshi. Fomu yake inasema alimudu dakika saba kwenye mashine. Mtu wa dakika saba namwanzishia baiskeli ugumu wa tatu, ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nifanyavyo. Dakika ya nne ametulia, ananisimulia sare za shule alizoziacha nusu. Dakika ya tano kanyamaza. Mapigo yalikuwa mia na nane, nikahesabu tena nikapata mia na thelathini na sita, midomo imepauka. Nikamwambia aache. Akasema, "Nisimamishe tu, dada, naona chumba kinazama," na akaniangukia begani.

Nilimlaza, nikainua miguu, nikaita. Aliyefika wa kwanza, akiwa ameshuka ghorofa mbili kwa miguu, ni Sista Rula. Sijui nani alimwambia. Hakunitazama. Alipima shinikizo la damu, akasema namba moja kwa sauti, akasubiri, akapima tena, akasema nyingine. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesoma orodha ya vifaa. Mshonaji akatulia kwa sauti ile. Kusema kweli hata mimi.

Mshonaji alipoamka vizuri, Sista akachukua fomu yake mezani, akaisoma mpaka chini. Akaniangalia kwa muda. Nilijua anasubiri niseme kitu. Nilidhani anasubiri niombe radhi, nikakaza meno. Akaiweka chini akaenda zake.

Mshonaji amelazwa siku moja. Anasema hakunywa chai asubuhi. Nimeandika: hakunywa chai.

Ijumaa, 28 Machi

Mshonaji ameruhusiwa. Ameniletea salamu kwamba atarudi. Mimi nisingerudi.

Jumatatu, 7 Aprili

Waliosajiliwa: tisa. Siku zilizobaki: hamsini na tatu. Daktari Mcheshi amepita na kupiga mlango kwa kiganja. "Dada yangu wa baiskeli! Nitakutafutia wengine, usihofu." Laiti wangekuwa wawili kama yeye. Mvua haijakatika.

Jumatano, 16 Aprili

Leo nitajaza kurasa.

Saa nne asubuhi wameingia mume na mke, wamelowa. Mume ni mwashi, miaka hamsini na nne, mabega kama mlango. Lakini anatembea kama amebeba sinia la mayai kifuani. Mke alimvuta kiti, akamkalisha, akamvua kofia, akampangusa uso. Yeye ameacha mikono yake mapajani tu.

"Hana fomu," mke akasema kabla sijauliza. "Tumeliona bango lako tulipofuata dawa. Mwenzangu ni wiki ya sita hii hainui hata kikombe. Viatu namvalisha mimi. Usiku namsikia anajihesabia mapigo."

"Nani alikukataza kuinua kikombe?" nikamwuliza.

"Hakuna aliyenikataza," mwashi akasema. "Hakuna aliyeniruhusu vilevile."

Nikamwuliza wodini hawakumwambia habari za mazoezi. Akasema waliambiwa. Sista mwenyewe, yule mrefu, alimtembeza ukumbini kila asubuhi kwa siku tano kabla hajaondoka, akiwa na saa mkononi, akaandika. Alimwambia: nenda nyumbani, usibebe vizito, subiri tutakuita. "Basi tunasubiri," akasema mke. "Simu nailaza karibu na sikio."

Nilipanda ngazi zile mbili mbili. Nilikuwa nimepanga maneno, na mengine hayaandikiki.

Sista Rula alikuwa anapanga dawa kwenye vikombe vidogo. Nikasema, "Sista, mwashi wa kitanda cha sita, fomu yake iko wapi?" Akamaliza kikombe alichokuwa nacho. Akafungua mtoto wa meza wa chini. Akatoa fungu lililofungwa kwa utepe wa bandeji, akaliweka mbele yangu.

Fomu zangu. Ishirini na saba. Nimezihesabu pale pale nikiwa nimesimama. Kila moja imejazwa kwa mwandiko wa kitabu: umri, kazi, dawa, shinikizo la damu, nani yuko nyumbani, mgonjwa anaogopa nini. Ndiyo, kuna mstari wa "anaogopa nini", wa kumi na mbili, na watu huandika "hakuna". Yeye ameandika. "Anaogopa kulala upande wa kushoto." "Anaogopa kucheka." Na katika zote ishirini na saba, mstari wa tisa uko mtupu.

"Mbona hapa hujajaza?"

"Nijaze nini?"

"Dakika za kwenye mashine."

Akanitazama usoni, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hanidharau. Alikuwa ananishangaa.

"Mashine imekufa," akasema. "Tangu Novemba. Hujui?"

Sikujua. Naapa sikujua. Mimi niko chini, nyuma ya chumba cha dobi, mashine iko juu mwisho wa ukumbi, na kila fomu iliyonifikia ilikuwa na namba. Sista alimwandikia Katibu mara tatu, nakala anazo, zote zimegongwa "imepokelewa". Kisha akanirudishia mimi fomu na kunipigia mstari pale penye tatizo.

"Ungeandika neno moja tu, Sista. Moja."

"Nilidhani wewe unajua fomu yako," akasema. "Nikadhani unataka kipimo kifanyike hospitali nyingine, nikawa nakitafuta. Foleni yao ni miezi mitano."

"Ungeacha wazi ukanishushia hivyo hivyo."

"Umeandika chini: fomu isiyokamilika isipokelewe."

Nimeandika hivyo. Kwa herufi kubwa. Niliogopa watu wasichukulie kazi yangu mzaha.

"Sasa Daktari Mcheshi anapata wapi namba?" nikauliza, na kabla sijamaliza kuuliza nikawa najua. Sista Rula akarudi kwenye vikombe vyake. "Hilo muulize mwenyewe," akasema. "Mimi siwezi kuandika nisichokipima."

Alipokuwa anafunga tena utepe, fomu moja aliiweka kando, imekunjwa mara mbili. Nikauliza ya nani. Mpishi wa shule, mwanamke wa miaka arobaini na minane. Alifariki nyumbani wiki ya pili ya Machi. "Alikuwa anatembea vizuri," Sista akasema. "Safari kumi na tatu za ukumbi."

Siandiki kwamba baiskeli ingemwokoa. Sijui, na asitokee wa kunisemea kwamba najua. Ninachojua ni kwamba fomu yake ilikuwa tayari isipokuwa mstari mmoja, na mstari huo niliutunga mimi.

Nimeshuka, nikatoa fomu zangu tisa. Mstari wa tisa: saba, saba, saba, saba, nane, saba, saba, saba, saba. Mimi ninayejisifu kwa hesabu. Miezi mitatu nazitazama.

Alhamisi, 17 Aprili

Mcheshi hakukana. Hilo nalo ni la kuandika.

"Dada, ulitaka watu, nikakupa watu," akasema. "Niliwatazama kwa macho nikaona wanaweza. Saba ni namba ya katikati, haimdhuru mtu."

"Mshonaji aliniangukia hapa begani."

Tabasamu lake likafutika. Akakaa kwenye baiskeli ya nne, ile yenye kanyagio linalolia, akashika kichwa. Alisema wenzake wote hukiona chumba changu ni mahali pa kuchezea, na yeye alitaka kisife. Namwamini. Ningekuwa na hasira nyepesi zaidi kama nisingemwamini.

Nimewafuta wote tisa kwenye orodha mpaka wapimwe. Waliosajiliwa: sifuri. Siku zilizobaki: arobaini na tatu.

Jumanne, 22 Aprili

Tumekaa na Sista Rula kwenye meza yake, tumeandika mstari wa tisa upya. Wazo ni lake: mgonjwa atembee ukumbini dakika sita, kwa mwendo wake, viti viwili, kimoja kila mwisho, na muuguzi pembeni akiwa na saa. Kipimo hicho kinajulikana, hakihitaji umeme. Tulichokosa ni urefu wa ukumbi. Nimeazima tepu ya Katibu. Ameuliza ya nini, nikamwambia, "Naangalia kitu kitaenea vipi." Ukumbi ni mita ishirini na mbili kamili, mlango wa bafu mpaka dirisha la mwisho.

Na hapa ndipo nilipokaa chini. Sista ana daftari. Tangu Novemba, mashine ilipokufa, amemtembeza kila mgonjwa wake dakika sita na kuhesabu safari, ila alizihesabu kwa mwendo wa mgonjwa bila kujua mita. Hakuambiwa na mtu. Nimezidisha zote kwa ishirini na mbili, watu ishirini na saba, na yeye akasoma huku mimi napiga hesabu kwa kichwa. Mara mbili alinikagua kwa karatasi. Mara mbili nilikuwa sawa. Mara ya pili akasema, "Mh." Nimetembea na hiyo "mh" mpaka nyumbani.

Ijumaa, 25 Aprili

Bingwa lazima aisaini fomu mpya. Tumeingia wawili. Amelipekua daftari la Sista akiwa amesimama.

"Sista, hawa watu ulikuwa unawatembeza kwa idhini ya nani?"

"Kwa idhini ya miguu yao, Daktari."

Nilidhani tumekwisha. Bingwa akavuta kiti, akakaa, akarudi ukurasa wa kwanza. Alisoma kila jina. Alisoma kwa dakika kumi na tano, nilikuwa na saa. Kisha akauliza mwashi anaendeleaje, na mwenye duka wa kitanda cha pili, na mpishi wa shule. Sista akamwambia habari za mpishi. Hakuwa anajua.

"Mimi wanaopona siwaoni," akasema. "Aliyepona harudi kwangu. Nawaona waliozidiwa tu. Miaka ishirini natazama waliozidiwa, basi kila mtu namwambia apumzike."

Akasaini. Nilimweka Bingwa katika orodha yangu ya maadui namba mbili. Leo nimemfuta, maana si rahisi mtu wa cheo chake kusema vile mbele ya aliyekuwa mfagiaji na msimamizi wa wodi.

Jumanne, 6 Mei

Sista Rula hutumia saa yake ya chakula kupiga simu. Anasimama dirishani, kidole kwenye jina, rula chini ya mstari. "Habari za nyumbani? Mimi ni sista wa wodi ya moyo. Nilikuambia nitakuita. Nakuita." Hana maneno mengine. Hambembelezi mtu, hamtishi mtu. Akimaliza anapiga mstari, anakwenda kwa anayefuata. Nimemletea chakula akakiacha kipoe.

Hesabu ya wale ishirini na saba: mmoja hatunaye. Watatu wamerudi wodini. Watatu wamehamia mbali. Wawili simu hazipatikani. Watatu wamekataa, mmoja wao amesema moyo wake ni wake. Kumi na watano wanakuja.

Wale tisa wa Mcheshi: sita wamefaulu ukumbini. Wawili hawakurudi. Mshonaji alisimama dakika ya tatu, Sista akamrudisha kwa Bingwa, kumbe dawa moja ilikuwa kali mno kwake. Imebadilishwa. Aliyewatembeza wote saba waliorudi, akiwa ameshika saa, ni Mcheshi mwenyewe. Sista alimpa saa bila hotuba.

Jumla: ishirini na mmoja.

Jumatano, 14 Mei

Mwashi alianza na mita mia mbili arobaini na mbili. Leo mia tatu sabini na nne. Mke wake amekaa kwenye benchi na kofia ya mumewe mapajani, anahesabu kwa midomo. Mwashi alipomaliza nikampa kikombe cha maji. Akakipokea, akanywa, akamrudishia mkewe kikombe kitupu, na ndipo wote wawili wakakitazama.

"Umeinua," mke akasema.

"Kilikuwa na maji," mwashi akasema. "Na maji yana uzito."

"Basi kesho viatu vaa mwenyewe."

Jumatatu, 19 Mei

Mvua kubwa. Wamekuja kumi na tatu. Kumi na tatu kwenye mvua!

Jumanne, 27 Mei

Wapya watano kutoka wodini mwezi huu, wamepimwa wote. Jumla ishirini na sita. Siku tatu.

Mcheshi amekuja saa ya kufunga. Akasema kwa sauti ndogo, "Dada, nina watu wanne wa kliniki ya nje. Wazima kabisa. Hatutawahi kuwatembeza kabla ya Ijumaa, lakini fomu naweza kuzijaza leo, wiki ijayo tukawapima. Wanne tu. Unafika thelathini."

Nimeandika hapa kwamba sikufikiri. Nimefuta. Nilifikiri. Nilifikiri tangu mlango wa dobi mpaka kituo cha basi na kurudi, maana nilirudi. Nikamkuta bado yuko. Nikamwambia, "Niandikie majina, namba usiweke."

"Basi hawatahesabiwa."

"Hawatahesabiwa."

Akaandika majina manne na kuacha mstari wa tisa wazi. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza.

Ijumaa, 30 Mei

Kikao kilikuwa saa tatu, chumba cha mikutano. Katibu, Bingwa, Sista Rula, mimi, na wajumbe wawili ambao hawakunyanyua macho kwenye simu.

Katibu akauliza idadi. Nikasema ishirini na sita. Akasema, kwa huruma nadhani, "Thelathini ni thelathini, mama." Akafungua faili lake.

Nikaomba kusema. Nilikuwa nimeandaa karatasi ya lawama ya kurasa mbili, imo humu katika daftari. Sikuitumia. Nikasema kwamba tangu Novemba watu ishirini na saba walizuiwa kufika kwangu na mstari mmoja wa fomu, kwamba mwenye fomu ni mimi, kwamba nililaumu watu wa juu bila kupanda ngazi kuuliza. Nikasema mmoja wao amefariki. Nikakaa.

Ndipo Sista Rula akasimama. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi mahali pamoja.

"Kosa ni lake na ni langu," akasema. "Nilipiga mstari mwekundu nikadhani nimesema. Lakini tangu mstari ubadilishwe tarehe ishirini na tano Aprili, wodi yangu imeruhusu watu watano wanaofaa, na wote watano wameshuka. Hakuna mwezi mwingine wa hivyo. Nimemaliza."

Katibu akakohoa. "Sharti lakini ni thelathini. Limetoka kwa wataalamu."

Bingwa alikuwa anageuza kalamu. "Limetoka kwangu," akasema. "Uliniuliza mlangoni wangapi wanatosha. Nilikuwa na haraka. Nikasema thelathini." Akanigeukia mimi. "Haikutoka popote, mama. Ni namba niliyoitaja tu."

Miezi mitatu. Siku themanini na nane nimeamka na namba hiyo, nimeitoa na kuijumlisha, nimekosa usingizi kwa ajili yake, na aliichuma hewani kama Mcheshi alivyochuma saba zake. Nilitaka kupiga kelele. Lakini nilimwona jinsi alivyosema, shingo imenyooka, mbele ya Katibu na wajumbe, na hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kunyamaza akatoka msafi.

"Sasa makabati nitayaweka wapi?" Katibu akauliza, na swali lilikuwa la haki.

Nikamwambia: chumba cha mashine iliyokufa, mwisho wa ukumbi wa wodi, kina mita nne kwa nne na nusu, ni mita kumi na nane za mraba. Changu ni kumi na saba. Anapata moja zaidi. Akatazama tepu yake kama vile imemsaliti, akaandika.

Chumba kinabaki. Nje, kwenye ngazi, nilitaka kumwambia Sista Rula kitu. Nikaanza na ile miaka minne ya kufagia. Akanikatiza.

"Ile pembe," akasema, "siku ya pili ilikuwa safi. Niliangalia."

Jumatatu, 9 Juni

Mvua zimekwisha, jua kali. Leo wodi imenishushia watu wapya saba kwa mpigo, na wengine wanne wa Mcheshi, wale wa majina, kila mmoja na mita zake. Kumi na mmoja juu ya ishirini na sita. Baiskeli ni nne na moja inalia. Viti havitoshi, wawili wamekaa kwenye kapu la dobi. Mwashi, ambaye wiki hii ameanza kubeba matofali mawili mawili, amejifanya msimamizi, anawapanga foleni.

Saa tano nikapanda kugomba. Nilipanga maneno ngazi kwa ngazi: kwamba mtu hashushi watu kumi na mmoja bila taarifa, kwamba mimi nina mikono miwili, kwamba wodini wanadhani chini ni uwanja wa mpira.

Sista Rula alikuwa katikati ya ukumbi na bibi mmoja mwembamba, mgonjwa wa jana, amemshika mkono wa kulia na saa kwenye ule mwingine. Bibi anayumba kidogo upande wa kushoto, anasema, "Polepole jamani, mimi si gari." Sista akaniona nimefungua mdomo.

"Dakika mbili zimebaki," akasema. "Shika upande wa pili."

Nikashika. Tutagombana kesho.